Balbu za LED za wati 9, katoni 25: asilimia ya mbovu na ukingo wake wa makosa

Tathmini hii inahusu balbu za LED za wati 9 zenye kitako cha pini, aina ya B22, nilizonunua kwa muuzaji mmoja wa jumla wa Kikuubo, Kampala, kwa ajili ya duka langu la vifaa vya umeme hapa Arua. Mzigo ulikuwa katoni 25 zenye balbu 100 kila moja, kwa bei ya shilingi 320,000 kwa katoni, ambayo ni sawa na shilingi 3,200 kwa balbu na shilingi milioni 8 kwa mzigo wote. Chapa ya balbu na jina la muuzaji sitavitaja, kwa sababu nilichokipima ni mzigo mmoja tu, na mzigo mmoja hautoshi kumhukumu mtengenezaji wala kumharibia mtu biashara. Ninachoweza kukitolea ushahidi ni balbu zilizopita mikononi mwangu, namna nilivyozihesabu, na jinsi hesabu hiyo ilivyobadilisha mazungumzo yangu na muuzaji.

Kwa wale wanaotaka kujua kwanza kama balbu hizi zinafaa kununuliwa, jibu langu ni kwamba zinafaa, na nazipa nyota tatu kati ya tano. Mwanga wake ni mweupe na hautofautiani sana kati ya balbu moja na nyingine, jambo ambalo wenye maduka na makanisa hulitazama kwa makini wanapoweka balbu nyingi katika ukumbi mmoja. Ganda lake halipati joto la kuunguza hata baada ya saa nzima. Zile nilizoziunganisha na kipimo cha umeme zilivuta kati ya wati 8 na 9, kwa hiyo maandishi ya kwenye boksi ni ya kweli kwa kiasi cha kuridhisha. Nyota mbili nilizozipunguza hazihusu balbu iliyo nzima bali zinahusu idadi ya zile zisizo nzima, na jinsi idadi hiyo ilivyoelezwa na muuzaji kabla sijalipa.

Muuzaji alinipa mambo mawili ya kunituliza moyo. La kwanza lilikuwa balbu 2 za ziada kwa kila katoni, ambazo ni fidia ya zile zitakazokutwa mbovu, kwa sharti kwamba baada ya hapo hakuna kurudisha. La pili lilikuwa karatasi ya ukaguzi inayosema kwamba mzigo ulikaguliwa kwa sampuli na kupita kwa kiwango cha AQL 2.5, yaani kiwango cha ubovu kinachokubalika katika ukaguzi, ambacho nitakieleza mbele. Aliifafanua karatasi hiyo kwa maneno haya: "Mama, maana yake ni kwamba mbovu haziwezi kuzidi asilimia mbili na nusu." Niliyaamini maneno hayo siku ile. Leo najua kwamba hayakuwa sahihi, ingawa sidhani kwamba alikusudia kunidanganya, kwa kuwa wafanyabiashara wengi waliosoma zaidi yangu wanaielewa karatasi ya namna hiyo vivyo hivyo.

Sababu ya mimi kujali sana tofauti ya asilimia mbili au nne ni umbali. Kutoka Kampala hadi Arua ni takribani kilomita 500, na sehemu kubwa ya wateja wangu wa rejareja wako Koboko au ng'ambo ya mpaka, Ariwara, upande wa Kongo. Balbu ya shilingi 3,200 ikikataa kuwaka huko, nauli ya kuirudisha inazidi bei yake, na mteja hairudishi. Anachofanya ni kuacha kuja dukani kwangu, wala haniambii sababu.

Kwa hiyo mzigo ulipofika sikuupeleka rafuni. Mtoto wa kaka yangu, ambaye yuko kidato cha tano na anasoma hisabati, alikuwa likizoni, akaniambia: "Shangazi, tusipime zote, tupime chache kwa mpango." Tulipigilia holda 20 kwenye ubao mmoja, tukazifunga kwenye swichi moja, tukakubaliana kabla ya kuanza kitu gani kitahesabiwa kuwa kasoro: balbu isiyowaka kabisa, balbu inayopepesa au kuzima ndani ya saa moja huku ikiwashwa na kuzimwa mara tano, na balbu ambayo kitako chake kinacheza au kimeachana na ganda. Makubaliano hayo tuliyaandika kwenye daftari. Jambo hili linaonekana dogo, lakini asilimia yoyote ya ubovu haina maana mpaka ijulikane ubovu ni nini, na mtu akiruhusiwa kuamua wakati balbu iko mkononi, hesabu yake itafuata hasira yake au tamaa yake.

Uchaguzi wa balbu za kupima ulikuwa kazi ngumu kuliko upimaji wenyewe. Mazoea ya madukani ni kufungua katoni ya juu na kujaribu balbu kumi za mwanzo, na zikiwaka zote mzigo unapokelewa. Nilimwomba kijana anifanyie hesabu ya mazoea hayo. Kama balbu mbovu ni asilimia 4.2 ya mzigo, basi uwezekano wa kuchukua balbu kumi na kuzikuta zote nzima ni takribani asilimia 65. Maana yake ni kwamba karibu mara mbili katika kila tatu mnunuzi atautazama mzigo wenye kasoro nyingi na kuondoka akiwa ameridhika. Nimenunua kwa njia hiyo kwa miaka mingi, na naona uchungu nikifikiria ni mizigo mingapi iliyopita hivyo.

Sisi tulizipa nafasi za ndani ya katoni namba kutoka 1 hadi 100, kwa kufuata safu zilivyopangwa, tukaandika namba hizo kwenye vipande vya karatasi, tukavichanganya kwenye bakuli na kuchota vinane kwa kila katoni. Tuliifungua kila katoni, zote 25, hata zile za chini kabisa. Balbu 8 mara katoni 25 ni balbu 200. Tulizichanganya pia kwenye ubao, ili kila mzunguko wa balbu 20 uwe na balbu za katoni mbalimbali, na kila balbu ilikuwa na alama ya kalamu inayoonyesha katoni yake. Mizunguko kumi ilituchukua siku mbili, kwa sababu umeme ulipokatika katikati ya mzunguko tuliuanza upya. Kuhusu gharama, ubao wa balbu 20 za wati 9 unavuta wati 180, kwa hiyo hata mizunguko yote 25 tuliyoifanya hatimaye ilitumia yuniti nne na nusu tu za umeme.

Katika balbu 200 tulikuta mbovu 9. Hiyo ni asilimia 4.5.

Hapa ndipo wengi wetu tungesimama na kumpigia simu muuzaji. Mtoto wa kaka yangu alinizuia, na nilimshukuru baadaye. Asilimia 4.5 ni ya balbu 200 tulizozipima, wala si ya balbu 2,500 nilizozinunua. Kama tungechota vipande vingine vya karatasi tungepata balbu nyingine 200, na mbovu zingeweza kuwa 6 au 13. Kiasi ambacho jibu la sampuli linaweza kuwa mbali na ukweli wa mzigo mzima, juu au chini, ndicho kinachoitwa ukingo wa makosa, na asilimia inayotajwa bila ukingo huo haijakamilika.

Njia ya kawaida ya kuutafuta si ngumu. Unachukua sehemu ya balbu mbovu, 0.045, unaizidisha kwa sehemu ya balbu nzima, 0.955, unagawanya kwa idadi uliyopima, 200, unatafuta kipeuo cha pili cha jibu hilo, kisha unazidisha kwa 1.96, ambayo ndiyo namba inayotumika mtu akitaka uhakika wa asilimia 95. Jibu ni takribani pointi 2.9 za asilimia. Kwa kuwa tulichota balbu 200 kutoka mzigo wa 2,500 ambao una mwisho, ukingo unapungua kidogo na kuwa pointi 2.8. Kwa lugha ya dukani, ubovu wa mzigo mzima ulikuwa mahali fulani kati ya asilimia 1.7 na 7.3; eneo hilo, kutoka namba ya chini hadi ya juu, ndilo ninaloliita mpaka. Uhakika wa asilimia 95 nao una maana yake mahususi: mtu akirudia zoezi hili mara nyingi, kila mara kwa balbu mpya zilizochotwa kwa bahati, katika mara 95 hivi kati ya 100 mpaka atakaouchora utaufunika ukweli, na katika mara 5 hivi hautaufunika.

Tazama sasa tatizo langu. Fidia ya muuzaji ni asilimia 2, na asilimia 2 iko ndani ya mpaka wa 1.7 hadi 7.3. Muuzaji mwenye haki angeweza kuniambia kwamba hesabu yangu mwenyewe haimpingi, na angekuwa amesema kweli. Mtoto wa kaka yangu alijaribu pia njia nyingine, ile iliyotolewa na Mmarekani Edwin Wilson mwaka 1927, ambayo inafaa zaidi asilimia zinapokuwa ndogo kwa sababu haichukulii kwamba ukweli unaweza kuwa juu au chini kwa kiasi kilekile. Njia hiyo ilitoa mpaka wa asilimia 2.4 hadi 8.3, ambao haugusi 2 kabisa. Nilikuwa na hamu ya kuichagua hiyo, na kwa kweli ndiyo bora kwa asilimia ndogo. Lakini niliona kwamba dai linalosimama kwa njia moja na kuanguka kwa nyingine ni dai dhaifu la kumpelekea mtu aliye Kampala ambaye hajaziona balbu zako. Tukaamua kupima balbu nyingine 300, 12 kwa kila katoni, na tukaandika kwenye daftari, kabla ya kuwasha hata moja, kwamba hizo zitakuwa za mwisho. Anayeendelea kupima mpaka jibu limpendeze hajapima kitu.

Kijana alinionya mapema kwamba ukingo haupungui kwa kasi tunayoitamani. Ili uwe nusu ya ulivyokuwa, idadi ya sampuli lazima iwe mara nne. Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba ukubwa wa mzigo hauna uzito mkubwa katika hesabu hii. Balbu 200 kutoka mzigo wa 2,500 zinatoa ukingo wa pointi 2.8, na balbu 200 hizo hizo kutoka mzigo wa 25,000 zingetoa pointi 2.9. Wengi wetu tunadhani kwamba ni lazima kupima asilimia 10 ya mzigo wowote, kwa hiyo mwenye mzigo mdogo anapima balbu chache mno. Anayepima balbu 50 na kukuta mbovu 2 ana asilimia 4, lakini ukingo wake kwa njia ya kawaida ni pointi 5.4, yaani mpaka wake unaanzia chini ya sifuri, jambo ambalo haliwezekani na ambalo linamwonyesha kwamba sampuli yake haikutosha kwa njia hiyo.

Baada ya siku tatu nyingine tulikuwa na balbu 500 zilizopimwa na mbovu 21. Tisa hazikuwaka kabisa, saba zilipepesa au kuzima, na tano zilikuwa na vitako vilivyolegea. Hiyo ni asilimia 4.2, na ukingo wake, baada ya kupunguzwa kwa sababu tulipima sehemu moja kwa tano ya mzigo, ni pointi 1.6. Mpaka ulikuwa asilimia 2.6 hadi 5.8. Kwa balbu 2,500, makadirio ni mbovu 105, zikiweza kuwa takribani 65 kwa uchache na takribani 145 kwa wingi. Fidia niliyopewa ilikuwa balbu 50. Hata nikichukua namba ya chini kabisa, iliyo nafuu kwa muuzaji, fidia haikutosha. Kwa shilingi 3,200 kwa balbu, pengo hilo lilikuwa kati ya shilingi 48,000 na shilingi 304,000, na katikati yake ni shilingi 176,000. Faida yangu kwa mzigo mzima, nikiuza balbu kwa shilingi 4,000, ni milioni 2. Sikuwa nimefilisika, lakini sikuwa na sababu ya kulipa pengo ambalo si langu.

Sasa nirudi kwenye karatasi ya ukaguzi, kwa sababu hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. AQL ni kiwango cha ubovu kinachokubalika katika majedwali ya ukaguzi wa sampuli, ambayo leo yako katika kiwango cha kimataifa cha ISO 2859-1, na ambayo asili yake inarudi kwenye kazi ya Harold Dodge na Harry Romig katika maabara za Bell za Marekani miaka ya 1920. Kwa mzigo wenye vipande kati ya 1,201 na 3,200, kwa ukaguzi wa daraja la kawaida, jedwali linataka vipimwe vipande 125. Kwa AQL 2.5, zikikutwa mbovu 7 au pungufu mzigo unapita, zikifika 8 unakataliwa. Angalia vizuri: mbovu 7 katika 125 ni asilimia 5.6, na mzigo huo umepita. Jedwali lilitengenezwa hivyo kwa makusudi, ili mtengenezaji ambaye ubovu wake kweli ni asilimia 2.5 asikataliwe ovyo kwa bahati mbaya ya sampuli. Lakini ulinzi huo wa mtengenezaji unalipiwa na mnunuzi. Mzigo wenye ubovu wa asilimia 4.2, kama makadirio ya mzigo wangu, ukikaguliwa kwa mpango huo utapita zaidi ya mara 8 kati ya 10. Kwa hiyo karatasi ya muuzaji ilikuwa ya kweli, balbu zangu zilikuwa na ubovu wa kiasi nilichokikuta, na mambo hayo mawili hayapingani hata kidogo. Kilichokosewa ni tafsiri. "Umepita kwa AQL 2.5" si sawa na "mbovu hazizidi asilimia 2.5", na anayenunua kwa mamilioni anastahili kuelezwa tofauti hiyo kabla ya kulipa.

Vivyo hivyo na vyeti vya viwango. Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, lina mpango wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa kuja nchini, na ni mpango unaotusaidia dhidi ya bidhaa hatari. Lakini cheti kinachosema bidhaa inalingana na kiwango hakikuhesabii balbu mbovu zilizomo katika katoni zako.

Jambo ambalo lilinifurahisha kuliko yote katika zoezi hili lilitokana na zile alama za kalamu. Kwenye kila katoni kulikuwa na namba ya mkupuo, yaani namba inayoonyesha bidhaa zilizotengenezwa kwa pamoja. Katoni 5 zilikuwa na namba moja, na 20 zilizobaki zilikuwa na namba mbili nyingine. Baada ya balbu 200 za kwanza tuliona kwamba mbovu 5 kati ya 9 zilitoka katika zile katoni 5, ingawa katoni hizo zilikuwa zimetoa balbu 40 tu. Mtu akitafuta sana mifumo katika namba chache ataiona hata isipokuwepo, kwa hiyo tuliandika dhana hiyo pembeni na kusubiri balbu 300 za awamu ya pili ziijaribu. Zilijibu bila utata: mbovu 8 kati ya balbu 60 za mkupuo huo, na mbovu 4 tu kati ya balbu 240 za katoni nyingine.

Kwa jumla, mkupuo mmoja ulikuwa na mbovu 13 katika balbu 100, asilimia 13 kwa ukingo wa pointi 5.9, na katoni nyingine zilikuwa na mbovu 8 katika balbu 400, asilimia 2 kwa ukingo wa pointi 1.2. Mpaka wa kwanza unaanzia asilimia 7.1 na wa pili unaishia asilimia 3.2; haikutani popote. Asilimia 4.2 niliyokuwa naibeba kichwani ilikuwa wastani wa vitu viwili tofauti, kama kuchanganya maziwa ya ng'ombe mzima na ya mgonjwa katika ndoo moja. Nyingi ya zile zinazopepesa zilikuwa za mkupuo huo, na kwa uzoefu wangu wa kufungua balbu, kupepesa kwa namna ile hutokana na saketi ya ndani ambayo haikuungwa vizuri.

Hapo pia nilielewa kwa nini ilikuwa muhimu kufungua katoni zote. Tungechukua katoni 5 na kupima balbu zote 100 za kila moja, bado tungekuwa na balbu 500, na kanuni ya ukingo wa makosa ingetoa namba ileile inayovutia, lakini tungeweza kuangukia katoni nzuri tupu au kuingia katikati ya mbovu, na namba hiyo isingetuambia kosa letu. Kanuni ile inamwamini mtu kwamba amechota kwa bahati kutoka mzigo wote. Haina njia ya kujua kama alifanya hivyo.

Nilimpigia muuzaji simu nikiwa na daftari mbele yangu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba umeme wa huku kwetu hupanda na kushuka, na kwamba balbu nzuri zinaweza kuharibika kwenye ubao wangu. Ni hoja ya haki, na kama ningekuwa na asilimia 4.2 peke yake nisingekuwa na jibu. Nilimjibu: "Hajji, balbu za mikupuo yote zilikaa kwenye ubao mmoja, saa zilezile, kwa umeme uleule. Umeme ungekuwa ndio unaoua, ungeua zote kwa kiasi kimoja." Alinyamaza kwa muda, akaniomba nimsomee namba ya mkupuo. Siku mbili baadaye alikubali kunibadilishia katoni zote 5, yeye akilipia usafiri wa kuja na mimi nikilipia wa kurudi. Kwa upande huo namsifu bila kusita, kwa kuwa masharti yake ya mauzo hayakumlazimisha. Katoni 20 zilizobaki nilizipokea kwa fidia ileile ya balbu 2 kwa kila katoni, ambayo kwa asilimia 2 inalingana na makadirio, ingawa naelewa kwamba ukingo wa pointi 1.2 unaweza kuniongezea mbovu chache za kubeba mwenyewe.

Kwa wanaofikiria kununua balbu hizi, ushauri wangu unahusu mambo ambayo boksi halikuonyeshi. Soma namba ya mkupuo kwenye kila katoni kabla ya kulipa, na ukikuta namba zaidi ya moja, pima kila mkupuo peke yake. Muulize muuzaji fidia yake imekadiriwa kutoka wapi, na kama ana karatasi ya ukaguzi, uliza vipande vingapi vilipimwa na mbovu ngapi zilikutwa, kwa sababu namba hizo mbili zinakutosha kutafuta ukingo wa makosa mwenyewe, lakini neno "umepita" halikupi chochote cha kuhesabia. Kuhusu umri wa saa maelfu ulioandikwa kwenye boksi, sijasema neno, kwa kuwa saa moja ya ubao inakamata balbu zinazokufa changa tu na haijui chochote kuhusu mwaka wa pili.

Katoni 5 za kubadilisha zilifika juma lililopita zikiwa na namba mpya ya mkupuo. Tulipima balbu 20 za kila moja, jumla 100, na hatukukuta hata moja mbovu. Kanuni ya kawaida hapa inashindwa kabisa, kwa sababu sehemu ya mbovu ni sifuri, na sifuri ukiizidisha kwa chochote unapata ukingo wa sifuri, kana kwamba tumethibitisha kuwa katoni hizo hazina dosari. Mtoto wa kaka yangu alinionyesha njia fupi ya hali hiyo: gawanya 3 kwa idadi uliyopima. Tatu kwa 100 ni asilimia 3, na huo ndio ubovu wa juu kabisa unaoweza kuwa umejificha humo kwa uhakika wa asilimia 95. Nimeziweka rafuni, na wateja wangu wa Ariwara ninapowauzia kutoka katoni hizo nawaambia kwamba katika balbu 100 sikukuta mbovu, kwamba hata hivyo zinaweza kufika 3 kwa kila 100, na kwamba nimewawekea balbu 3 za ziada.